Swali Nililomrudishia Mtoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, katikati ya wimbo wa kuhesabu, na bati likatufunga midomo sote. Huwezi kushindana na bati. Watoto thelathini na wanne wakanikodolea macho utadhani mimi ndiye niliyeifungulia. Nikawaambia, haya, chezeni mnachotaka.

Hivyo ndivyo mkufunzi alivyotufundisha likizo nzima, wiki mbili tumekaa kwenye viti vya plastiki mpaka migongo inauma: mtoto ndiye anayeongoza, mwalimu anafuata, anatazama, anaandika. Nimejitafutia madaftari mawili. Moja ni la watoto, la kuandika wanavyocheza. Hili ni langu, la kusemea nisiyoweza kusema mbele ya mwalimu mkuu.

Mkuu mwenyewe alichungulia saa tano, miwani kwenye ncha ya pua. "Mwalimu, hili ni darasa au soko?"

"Wanajifunza, mkuu."

"Wanajifunza kupiga kelele. Hiyo hata nyumbani wanaijua." Akaondoka na chaki yake sikioni. Yule mama na chaki, hata akilala nadhani iko sikioni.

Jumatano, 6 Machi

Nimegawa chumba kona nne: ya ujenzi, ya nyumbani, ya vitabu, na ya maji, yaani beseni na vikopo. Kila mtoto anaingia kona anayoitaka. Niliogopa watapigana, na kweli wamepigana, lakini mara mbili tu.

Kona ya ujenzi ina mwenyewe. Ana miaka mitano, nimempa jina la Injinia kwa sababu hajawahi kuona vitu viwili asivipandishe kimoja juu ya kingine. Jina limemganda, siku hizi hata mama yake anamwita hivyo. Dada yake ana sita na nusu. Alipaswa kuwa shule ya msingi, ila mwaka jana aliugua sana, kwa hiyo wote wawili wako kwangu. Huyo sote tunamwita Dada, maana hilo ndilo neno la Injinia kutwa nzima: Dada nifunge kamba, Dada nishikie, Dada tazama. Na Dada anafunga, anashika, anatazama. Kamasi za mdogo wake anazifuta yeye. Saa sita wanarudi nyumbani wameshikana mikono, maana mama yao ni mshonaji na hawezi kuiacha cherehani katikati ya mchana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Watoto kumi na tisa tu. Wote wanakohoa, na mimi pia.

Jumanne, 12 Machi

Kitu kigumu kuliko vyote alivyotufundisha mkufunzi ni kutojibu. Mtoto akiuliza, usimpe jibu, mrudishie swali lake. Wewe unaonaje? Utajuaje? Ukimjibu, alisema, umemnyang'anya kazi yake. Jamani, mimi ni mwalimu! Nimelipwa miaka tisa kwa kujibu. Mdomo unaniwasha.

Leo mmoja kaniuliza kwa nini jua halipo. Nikameza mate. "Wewe unaonaje?"

"Limekwenda kuoga."

Nimecheka mpaka mpishi katoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Nimeiandika.

Alhamisi, 14 Machi

Kona ya maji imehamia nje yenyewe. Kuna mfereji mdogo unaopita chini ya baraza, unachukua maji ya paa, unatoka uani kwa tundu lililo chini ya ukuta. Watoto wamegundua kwamba vizibo vya chupa vinaelea. Sasa kila mvua ikikatika tuna mashindano ya mashua. Injinia hataki vizibo. Amekata kipande cha ndala iliyochanika, amechomeka kijiti katikati, amefunga na utepe wa kitambaa kutoka kwa mama yake. Inakwenda kuliko zote.

Mkuu amepita akasema, "Watapata mafua." Nikamjibu kwamba wanajifunza mwendo wa maji. Akanikata jicho.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimefanya kazi nzuri, acha nijisifu maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Mvua ilikatika kama saa tano na nusu. Tukatoka barazani, mfereji umejaa. Injinia akaitia mashua yake ya ndala, akaikimbilia mpaka ukutani, ikaingia tunduni, ikapotea. Akalala kifudifudi, akaweka jicho kwenye tundu. Halafu akanijia, tope mpaka kidevuni.

"Mwalimu, inakwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo lote: nyuma ya ukuta kuna mtaro mkubwa, una kina, wewe usiende huko. Nikajikaza. Nikachuchumaa usawa wa macho yake kama tulivyofundishwa.

"Wewe unaonaje?"

"Inatokea upande wa pili."

"Utajuaje?"

Akafikiri. Ungemwona anavyofikiri, ulimi nje. "Nikaangalie."

"Wazo zuri sana," nikamwambia.

Dada alikuwa papo hapo, mfuko wake begani, wa mdogo wake mkononi, anatusikiliza. Yote nimeyaandika katika daftari la watoto, neno kwa neno, na pembeni nimeweka: mtoto amebuni mwenyewe njia ya kuchunguza. Mkufunzi akija atafurahi.

Jumanne, 19 Machi

Injinia amekufa maji. Jana, baada ya shule, kwenye mtaro wa nyuma.

Jumatano, 20 Machi

Tumemzika. Siandiki.

Alhamisi, 21 Machi

Nimejua yote kwa mpishi, naye kayapata kwa fundi baiskeli aliyemtoa. Walipotoka getini, badala ya kushika njia ya kwao walizunguka ukuta. Ukingo wa mtaro ni udongo, na udongo ulikuwa umelowa. Fundi baiskeli alisikia mtoto wa kike anapiga kelele, akatoka mbio. Maji yalikuwa yamempitisha chini ya barabara. Alimkuta upande wa pili.

Upande wa pili. Nimeisoma ile Jumatatu mara nyingi sana. Mwandiko umenyooka, nimepigia mstari kwa rula.

Ijumaa, 22 Machi

Lazima niandike hili leo leo, maana najijua, kesho nitaanza kulipamba.

Mama yao alikuja ofisini kwa mkuu saa mbili. Zamani nilikuwa namwita Mama Injinia. Leo niliufungua mdomo kumwamkia na jina likanikwama. Mkuu akaniokoa, akamwita Mama Dada. Amekonda kwa siku nne tu. Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikuja kugombana, Mwalimu," akasema. "Nataka kujua tu. Mwanangu alikuwa mwoga wa maji. Hata beseni la kuogea nilikuwa nakimbizana naye, mpaka alipoanza kucheza hapa kwako. Alifuata nini kule?"

Akaningoja, kisha akaongeza:

"Dada anasema wewe ndiye uliyemwambia akaangalie mashua."

Mkuu akanitazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, hakuiweka chini.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikumwambia aende mtaroni."

Ni kweli tupu, na ni uongo mtupu. Neno mtaro halikutoka kinywani mwangu, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Yule mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokitarajia. Akageuka mlangoni. "Umesikia? Mwalimu mzima unamsingizia! Ulimwachia mkono, sema ulimwachia." Akamzaba kofi. Mtoto hakulia wala hakumwangalia mama yake, macho yote aliyakaza kwangu. Na mimi nikayatazama makaratasi ya mkuu.

Jumatatu, 25 Machi

Shule imefunguliwa tena baada ya msiba. Dada amekuja na mifuko miwili. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mmoja auache. Kutwa nzima hajasema neno, hata la kuomba kwenda chooni.

Jumanne, 26 Machi

Hajasema neno.

Jumatano, 27 Machi

Mchezo umeanza. Sikuuanzisha mimi, Mungu ni shahidi.

Yuko binti mmoja darasani tunamwita Msemaji, ana miaka sita na mdomo wa mtu wa arobaini. Kaburuta benchi katikati ya chumba, kachukua shuka la buluu kwenye kona ya nyumbani, kalitandaza chini. Halafu akagawa kazi. "Mimi mama. Wewe Injinia. Nyie watatu maji, mtikise shuka. Wewe fundi baiskeli. Dada, wewe ndiye unayemwachia."

Nilisimama. Nikakumbuka mafunzo: mchezo ni njia ya mtoto kuelewa mambo, usiuingilie. Nikakaa. Dada akapanda benchi, akamshika mkono yule aliyekuwa Injinia, akatembea hatua tatu, akaufungua mkono wake. Hivyo tu. Yule akajirusha kwenye shuka, maji yakamfunika, Msemaji akalia kilio cha mtu mzima, yowe lote la msibani alilolisikia. Wakamaliza, wakaanza tena. Mara nne. Mara zote nne Dada ndiye aliyeachia.

Na mimi nilikuwa naandika, mkono wangu umetulia kabisa.

Alhamisi, 28 Machi

Mchezo, mara tatu.

Ijumaa, 29 Machi

Mchezo. Mkuu kaingia, kauona, rangi ikambadilika. Kanitoa nje. "Ukomeshe upuuzi huu sasa hivi."

"Siyo upuuzi. Wanajaribu kuelewa kilichompata mwenzao. Tukiwakataza watacheza vichakani."

"Na huyo mtoto? Kila siku mnamsulubu?"

"Anaingia mwenyewe, mkuu. Hakuna anayemlazimisha."

Nilimshinda kwa maneno, nimesoma mimi. Nimerudi nyumbani nikajua nimeutetea ule mchezo kwa nguvu zote kwa sababu ndani yake mwenye kosa anajulikana, naye si mimi.

Kesho Jumamosi nitakwenda kwa yule mama nimwambie.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua kubwa. Sikwenda.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache, akaitoa miwani yake myeusi akaifuta muda mrefu. "Ulimuuliza swali tu, mke wangu," akasema. "Swali haliwezi kumtia mtu majini."

"Niliambiwa na mama yake kwamba binti kanitaja, nikakana."

Hapo akairudisha miwani usoni. Baadaye alikuja jikoni akaniuliza, "Na huyo binti anakula?" Sikujua. Mimi ninayeandika kila kitu, hilo sikulijua.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemuuliza mpishi. Dada anakula nusu. Nusu nyingine anaisukuma kwa mtoto aliye kushoto kwake, mahali alipokuwa akikaa mdogo wake. Mpishi kaniambia na jambo jingine: majirani wanasema mama yake hasemi naye. Anamwachia chakula mezani, anamwachia nguo kitandani, anarudi kwenye cherehani. "Wiki mbili na nusu hizo," mpishi akasema, "nyumba ile ni cherehani tu inayoongea." Kisha akaondoka na sufuria yake, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Kesho nitakwenda.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa wao. Niliisikia ile cherehani. Nikarudi.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Ukuta wa darasa umeota ukungu. Mchezo, mara mbili. Hajasema neno.

Jumanne, 16 Aprili

Mkufunzi amekuja. Suruali kaikunja mpaka magotini, viatu mkononi, na tabasamu lile lile. Kaona mchezo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ameshika kidevu.

"Wameanza wenyewe?"

"Wenyewe."

"Mwalimu, hiki ndicho tunachokitafuta. Watoto wanaomboleza kwa mikono yao. Umeandika?" Nikampa daftari la watoto. Ule ukurasa wa tarehe kumi na nane nilikuwa nimeubana na mwingine kwa gundi. Ndiyo, nimefikia huko. Akasoma, akaomba ayatumie maandishi yangu kwenye mafunzo yajayo. Halafu akanionyesha Dada kwa kidole kidogo, asionekane. "Na yule asiyezungumza. Umejaribu swali la wazi?"

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kibaya, watoto wakageuka. Mkufunzi akadhani nimechoka, akanipa pole na kazi. Ni mtu mwema kabisa. Hana habari ya lolote.

Ijumaa, 19 Aprili

Miaka minne nimekuwa nikimwona mkuu kuwa mama wa chaki na amri tu. Leo nimewahi shuleni nikamkuta nyuma ya baraza, amepiga magoti kwenye matope na sketi yake ya kazini, anaziba tundu la ukuta kwa saruji. Kwa mikono, bila mwiko. Alikuwa analia, na hakujisumbua kuficha.

"Miaka kumi na moja nalipita tundu hili," akasema. "Na ule mtaro kila mvua nasema nitaomba uzio. Nasema, nasema."

Nikapiga magoti pembeni yake. Nikamwambia kila kitu, hata ile gundi. Aliendelea kupaka saruji mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ulivyoyatazama makaratasi yangu. Nikajifanya sijaona, kwa sababu shule hii ikifungwa, watoto thelathini na watatu watashinda barabarani, na kila barabara ina mtaro wake." Akajifuta uso kwa mkono wa saruji, akajipaka. "Sikuambii nenda wala sikuambii usiende. Mimi mwenyewe naogopa. Nina miaka hamsini na nane, namwogopa mama mmoja mwenye cherehani."

Tulikaa pale mpaka kengele. Thelathini na watatu, kasema. Mimi bado huwa nahesabu thelathini na wanne.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo Msemaji aliumwa, hakuja. Nikadhani mchezo umekwisha maana kiongozi hayupo. Dada ndiye aliyeburuta benchi. Akatandaza shuka, akawapanga wenzake kwa kuwavuta nguo, bila neno. Safari hii hakuachia mkono wa mtu. Alipanda benchi peke yake, akatembea mpaka mwisho, akashuka taratibu, akaingia chini ya shuka yeye. Akalala. Watoto wakatikisa maji, wakachoka, wakaenda kona nyingine. Hakutoka.

Nilikwenda kulifunua. Alikuwa macho, ametulia, ananitazama tangu kabla sijalinyanyua. Daftari la watoto nimeliweka juu ya kabati. Silitaki tena.

Jumatano, 24 Aprili

Mchezo. Yeye chini ya shuka. Nimelala naye sakafuni, upande wa nje, mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mkuu kachungulia, akaurudisha mlango polepole.

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika haya nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya nyumba yangu, jua linazama, nguo zimenikaukia mwilini. Kwanza niseme ya kesho ili nisipate pa kurudia nyuma: asubuhi nampelekea mkuu daftari la watoto, kurasa zile nimeshazibandua, zimechanika pembeni lakini zinasomeka. Mkuu atalipeleka panapohusika. Kazi ikiisha, iishe.

Saa sita na robo mpishi alikuja mbio, vyombo kaviacha. "Mwalimu, Dada hakushika njia ya kwao."

Sikuuliza swali. Nilizunguka ukuta nikikimbia, ndala moja ikabaki topeni. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya manyunyu, na mtaro ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai yanakwenda kwa kasi bila kelele. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, mifuko miwili imepangwa vizuri nyuma yake. Visigino vyake vilikuwa vinagusa maji.

Nilitaka kupiga yowe, nikaogopa atashtuka. Nikaenda kwa magoti. Nilipofika nikamkumbatia kwa nyuma kiunoni nikamvuta, tukaanguka wote chali kwenye udongo, mimi chini yeye juu. Hakupigana nami. Alikuwa mwepesi, jamani. Mtoto wa miaka sita na nusu hapaswi kuwa mwepesi vile. Nililia pale pale kwenye matope kwa sauti, na fundi baiskeli akatoka kwenye kibanda chake akasimama, hakuweza hata kusogea. Nadhani alidhani ni lile lile limerudi.

Nikambeba mgongoni. Mifuko akaibeba mpishi, akaja nayo mpaka kona ya mtaa akanipa, akasema, "Nenda, mwanangu." Cherehani ilikuwa inalia. Safari hii sikusimama.

Mama yake aliinua macho akatuona tulivyo, tope kuanzia kichwani. "Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu," nikasema. "Nimemtoa ukingoni mwa mtaro. Mama Dada, nilikudanganya."

Cherehani ikasimama.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti, na vizuri hakunikaribisha. Nilimwambia neno kwa neno: aliniuliza mashua inakwenda wapi, nikamuuliza yeye anaonaje; akasema inatokea upande wa pili, nikamuuliza atajuaje; akasema akaangalie. Nikasema wazo zuri sana. Nikamwambia kwamba Dada alikuwepo, alisikia, alimweleza kweli siku ile ile, na mimi ofisini nikamfanya mwongo mbele ya mama yake.

Alikuwa ameshika gurudumu la cherehani kwa kiganja. Hakuliachia.

"Ulisema wazo zuri."

"Ndiyo."

"Na mimi nikampiga."

"Ndiyo."

"Ukiwa umekaa pale."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Usiniombe mimi msamaha, sina wa kukupa. Mwambie yeye."

Nikamteremsha Dada mgongoni, nikapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Miaka tisa nafundisha, sijapata kuona maneno mazito kama yale machache. "Dada," nikasema, "ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Mdogo wako hakwenda kwa sababu yako. Alikwenda kwa sababu mimi, mtu mzima, nilimwambia ni wazo zuri, na sikumwambia kwamba kule kuna hatari. Kosa ni langu."

Kisha akaushika mkono wangu, hapa kwenye kifundo, kwa mikono yake yote miwili. Akabana. Siku zote za mchezo sikuwahi kumwona akishika hivyo. Sikujua vidole vile vina nguvu ile.

"Hivi," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeamka usingizini, imekwaruza. "Nilimshika hivi. Akavuta. Nikamwambia Injinia tusiende, akavuta. Akateleza, nikashika tena, hivi." Mikono yake ikateleza kwenye kiganja changu, ikafika kwenye vidole, ikang'ang'ania hapo. "Alikuwa amelowa. Hapa ndipo alipotoka. Sikumwachia. Alitoka."

Mama yake alikuwa ameshasimama. Alikuja akapiga magoti, akausukuma mkono wangu pembeni, akaweka wake mahali pale pale.

"Nionyeshe na mimi," akamwambia.

Dada akamshika, akaanza upya tangu mwanzo.